VX na Cygnus: Nilivyomchagulia Yaya Gari

Nilitoka kambi ya wakimbizi ya Nakivale kwenda mji wa Mbarara kwa sababu yaya Wilondja alinituma. Yaya ni kaka yangu mkubwa. Yuko Kanada, anaendesha malori, na kwa miaka mingi aliweka akiba ili mama yetu awe na gari la kumfikisha hospitali, na siku ambazo mama ni mzima, gari likodishwe kwa arusi na safari za watu. Mimi nilikuwa dereva katika mji wa Baraka, kwetu Fizi, kabla hatujakimbia nchi yetu. Hapa Nakivale ninalima mashamba ya wenyeji kule Rugaaga, kibarua cha siku kwa siku. Yaya aliniambia kwenye simu: "Mudogo wangu, weye njo unajua magari. Uchague, kiisha utaliendesha weye mwenyewe." Kwa hiyo nilikwenda kuchagua gari, na papo hapo nilikwenda kuchagua kazi yangu. Sijui kama mtu anaweza kutenda haki kamili akiwa katika hali hiyo. Nilijaribu.

Magari yalikuwa mawili, yote yametumika, na bei zake zilikuwa karibu sawa. Moja Land Cruiser VX, lingine Cygnus. Asiyejua magari nimweleze: hao ni mapacha. Fremu moja, milango karibu ile ile, urefu ule ule. Ila mmoja amevalishwa suti. Cygnus ina viti vya ngozi, mbao zinazong'aa kwenye dashibodi, injini ya petroli ya silinda nane, na chini yake hakuna springi za kawaida tu: kuna mitungi ya mafuta inayolipandisha na kulishusha gari ukibonyeza kitufe. Hiyo VX ilikuwa ya dizeli, gia za mkono, springi za chuma. Yaya alikuwa ameipenda Cygnus tangu kwenye picha. Alikuwa amekwisha kuwaonyesha rafiki zake.

Asubuhi tuliondoka Base Camp, mtaa wetu kambini, kwa pikipiki ya kukodi, mimi na Josué. Josué ni shemeji wa yaya, mdogo wa mke wake. Yaya alisema aje anisindikize na apige video. Ni kijana mpole, mtu wa kanisa. Siku hiyo alikuwa amefunga, wiki nzima kanisa lao lilikuwa katika maombi. Ziwa la Nakivale lilikuwa na ukungu, na barabara ilikuwa na mashimo yale yale ninayoyajua kwa miguu. Kila shimo nilijiuliza: hapa Cygnus itapitaje? Labda hapo nilianza kupendelea. Naandika ili ijulikane.

Karibu na kambi ya jeshi ya Makenke, Mbarara, tulifika kwa mwenye Cygnus, askari mstaafu. Watu wote wa mtaa wanamwita Afande. Nilishika boneti: ilikuwa ya moto, na injini iliyokwisha kupashwa huficha ubovu wake.

"Umeshaiwasha, Afande?"

"Nimewasha, nimewapashia. Mgeni anakuja, unampa gari baridi?" Akacheka. "Wewe unafikiri naficha kitu? Zima, kaa, ngoja ipoe. Mimi niko na pension, sina haraka."

Tulingoja hadi ikapoa, na ikawaka vizuri, bila moshi. Nikaingia chini. Fremu nzima, haina kutu. Nilipobonyeza kitufe, mbele ilipanda. Nyuma ilipumua kidogo, ikabaki palepale.

"Hiyo ya nyuma imechoka," alisema Afande kabla sijauliza. "Mimi nasema ukweli, mimi si broka. Na petroli inakunywa kama ng'ombe ya hapa Ankole siku ya jua. Lakini keti ndani, bwana. Keti tu."

Niliketi. Lazima niandike mazuri ya Cygnus, maana nikiyaficha nitakuwa mwongo. Lilikuwa gari safi kuliko lolote nililowahi kulishika. Kwenye lami halina kelele, unasikia saa yako mkononi. Baridi inatoka kila upande. Nilipoendesha nilisahau kwamba nimevaa sapatu za plastiki. Josué alikuwa nyuma akipiga video na kusema "Yesu, Yesu" polepole. Kama mama angekuwa anaishi Mbarara mjini, ningesema hili, na nisingerudi nyuma.

Mchana tulifika kwa Hajji, mfanyabiashara aliyekuwa na VX. Nyumba yake iko nyuma ya duka lake la vipuri. Gari lilikuwa uani, na kwa macho lilikuwa la aibu. Rangi imepauka, kiti cha dereva kimepasuka, kiyoyozi kimekufa. Lakini boneti ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Nikaomba ufunguo, ikashika mara moja. Nikafungua kifuniko cha oili injini ikiwa inaunguruma, nikaweka kiganja juu: hakuna upepo wa kusukuma, maana yake injini bado haijachoka. Nikagongagonga fremu kwa mpini wa bisibisi. Fasi moja ya nyuma ilikuwa imechomelewa.

"Hapo nilichomelea mimi," alisema Hajji. "Nilipakia mbao nyingi mno. Tamaa yangu, si ya gari."

Tulilipandisha mlima wa kwenda Kabingo. Halikulia, halikulalamika. Lilipanda kama punda aliyezoea.

Tuliporudi, adhuhuri ilikuwa imepita na sinia ya pilau ilikuwa imewekwa barazani. Josué akaomba radhi, amefunga. Hajji akasema, "Mungu akupokelee." Kisha akanigeukia mimi: "Na wewe je, baba? Kwangu mgeni hapiti hivi hivi."

Kwetu Fizi, mgeni anayekataa chakula anamtangaza mwenye nyumba kuwa mchawi. Hata kama umeshiba, utamega kidogo. Na mimi sikuwa nimeshiba. Nikanawa mikono, nikala. Tuliongea habari za mvua na mashamba. Neno la gari halikutajwa hata mara moja mpaka sinia ilipoondolewa.

Saa za alasiri nilimpigia yaya kwa video, nimesimama nje ya geti la Hajji. Kule kwake ilikuwa asubuhi, nyuma yake niliona theluji kwenye dirisha.

"Yaya, twaa VX."

"Ile yenye kiti ya kupasuka?"

"Ile. Ya Afande ni muzuri sana, miye sikatai. Lakini nyuma inaisha kuchoka, na ile mitungi yake ikikufa yote fundi wa kuitengeneza hapa tutamutafuta. Petroli yake itamaliza faida ya arusi. Ile ya Hajji, fundi yeyote wa njiani anaitengeneza."

Akasema, "Patia Josué simu."

Josué akasogea pembeni, akaongea kidogo, akanirudishia simu bila kuniangalia.

"Ebengo," akasema yaya. Alikuwa hajawahi kuniita kwa jina tangu tukiwa watoto. "Huyo Hajji alikupatia nini?"

Mwingine angesema hakuna. Nilifikiri, nikajibu kilichokuwa kweli.

"Pilau."

"Na ingine?"

"Chai. Na kipande ya papai."

"Na kwa Afande?"

"Afande hakutupatia kitu."

Akacheka, lakini si kicheko cha mtu anayefurahi. "Unaona? Kwa mwenye alikupatia, njo kwenye gari ilikuwa muzuri."

"Yaya, weye unajua kwetu. Ningekatala?"

"Josué alikatala."

"Josué alikuwa anafunga!"

"Miye niko huku miaka mingi, mudogo. Huku, mutu wa kununua haketi ku meza ya mutu wa kuuza. Haiko matusi. Njo vile bantu banafanya."

Nilimwomba basi achukue Cygnus, kama anaona nimedanganya. Hapo ndipo aliponishangaza. Akasema video za Josué amekwisha kuzituma kwa fundi mmoja wa huko, na fundi naye amesema dizeli. "Utalipa VX," akasema. "Ulichagua muzuri. Lakini mukifika, funguo upatie Josué."

"Kama nilichagua muzuri, kosa yangu ni nini?"

"Sisemi uko na kosa. Nasema tu sitaweza kulala."

Josué hakudanganya hata neno moja. Aliulizwa kama nilikula, akasema nilikula. Ningeulizwa mimi juu yake ningesema hivyo hivyo. Hata yaya simlaumu sana. Anabeba mizigo usiku kwenye barafu, na kila mtu wa nyumbani anampigia kuomba. Nimejaribu kukumbuka kama moyo wangu ulikuwa umekata shauri kabla ya pilau au baadaye. Naona ni kabla, tukiwa mlimani. Lakini siwezi kuapa. Chakula kilikuwa kitamu.

Jioni niliendesha VX kurudi, kwa kuwa Josué alikuwa hajazoea gia za mkono. Ilikuwa safari yangu ya kwanza na ya mwisho nikiwa dereva wake, na niliendesha polepole. Kwenye mashimo ya kuingia Nakivale gari lilipita kama limezaliwa huko. Wanawake wa jirani walipiga vigelegele. Mama akashika mlango, akasema, "Wilondja wangu, Wilondja wangu." Nikampa Josué funguo mbele yake.

Siku zilizofuata Josué alikuja mwenyewe kuniomba nimfundishe. Nilimfundisha: kuachia klachi bila kurusha watu, kutia gia nzito kabla ya mlima, si katikati ya mlima. Anajifunza haraka. Mama amekwisha kwenda Mbarara na kurudi bila kuumia mgongo.

Mtu akiniuliza safari ile ilinifundisha nini, nitamwambia: kusema kweli na kuaminiwa ni vitu viwili, na ukipata kimoja usidhani kingine kinakuja nyuma yake. Zaidi ya hapo sijui. Nimesoma kidogo.

Juzi nilikuwa natoka Rugaaga na jembe begani. Josué akanipita, akasimama, akarudi nyuma. Kiti cha mbele kilikuwa na abiria aliyelipa. Nikafuta udongo miguuni, nikapanda nyuma. Na kwa haki niseme: kiti cha nyuma cha VX ni kizuri. Nilikuwa sijawahi kukikalia.