Shavu la Kushoto

Jumla ni shilingi elfu kumi na tisa. Elfu sita za mashine, elfu tisa za nyembe, elfu nne za kuleta kifurushi kwa basi kutoka Dar. Nimezihesabu mara mbili, na mara zote mbili naona mambo yangeisha siku ya kwanza kama ningetoa zile elfu tisa bila kubishana. Lakini mimi nanunua kabichi Lukozi na kuwauzia watu wa malori. Mtu wa kazi hiyo hubishana hata usingizini.

Baba alinyoa ndevu kila asubuhi tangu nimjue. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha chai upande wa Mponde, chumba cha kuchekecha majani makavu, na alituambia kwamba mtu wa chumba kile hatakiwi kuwa na unywele wa kudondoka. Alipostaafu hakuna aliyemkagua tena, ila aliendelea kujikagua mwenyewe. Mashine yake ilikuwa ile nzito ya chuma, unafungua kichwa, unalaza wembe wa kawaida wa dukani wenye makali pande mbili, unafunga. Upande mmoja ukijaa povu unageuza wa pili. Wembe ukichoka kwa ndevu hautupwi: unauvunja katikati ungali ndani ya karatasi yake, nusu ya kukatia kucha, nusu ya kufumulia mishono. Sisi wote tulikua tukijua kwamba wembe mmoja ni nyembe mbili.

Kisha kiharusi kikamlaza. Upande wa kushoto ukafa, kuanzia kope hadi unyayo, na maneno yakabaki machache, yaliyolegea. Dada yangu mkubwa alimwogesha na kumlisha. Kumnyoa kuliniangukia mimi.

Mashine yake ilinishinda. Shavu la kushoto lilikuwa limelala, na ngozi ilifuata wembe kama kitambaa kilicholowa. Nikishuka chini ya pua, makali ya juu yalikwenda kuitafuta pua yenyewe. Tulivumiliana majuma kadhaa, mimi nikitoka jasho kwenye baridi ile ya kwetu, yeye akiwa amefumba jicho moja, kwa sababu la pili halikufumba.

Nikaangalia kwenye simu nikaona watu wanaonyolea wembe wa makali upande mmoja tu. Mgongo wake mnene, hautetemeki, kichwa cha mashine ni kidogo, unaona unapopita. Nikasema hii ndiyo yetu.

Sokoni Lushoto yupo mtu anayeuza vyombo vilivyotumika, pasi, saa, vijiko visivyofanana. Alikuwa nayo moja.

"Hii walinyolea Wajerumani wakati wanajenga hapa mjini," akaniambia. "Elfu kumi na tano."

"Kama imenyoa Wajerumani wote hao imeshachoka. Elfu tatu."

"Mzee wa kabichi, elfu tatu hata mpini hupati."

"Basi bakiza mpini."

Tulicheka, nikaondoka, akaniita, nikarudi, nikaondoka tena. Tukapatana kwa elfu sita. Alipokuwa akiifunga kwenye gazeti akasema, bila utani sasa, "Lakini hizi nyembe za madukani haziingii hapa. Zake ni nene. Nikuagizie Dar, pakiti elfu tisa."

Mashine elfu sita, chakula chake elfu tisa! Nikamwambia wembe ni wembe, nikaenda zangu.

Nyumbani niliuvunja wembe katikati ndani ya karatasi, kama tulivyofundishwa. Nusu ile ilicheza ndani ya mashine, kwa hiyo nikakata kipande chembamba cha bati la kopo la sardini nikakiweka kama mgongo. Ikakaza. Nikajaribu kwenye mkono wangu, vinyweleo vikatoka. Nikajaribu tena mkono wa pili. Mara mbili, kama kawaida yangu, na mara zote mbili ikanyoa vizuri.

Nilianza na shavu la kushoto kwa sababu ndilo lililokuwa gumu, nikitaka kulimaliza mkono ukiwa haujachoka. Nikavuta mara ya kwanza, safi. Ya pili, safi. Ya tatu bati likateleza, kona ya wembe ikatoka nje, nami nilikuwa bado navuta.

Baba hakusikia kitu. Upande ule ulikuwa hausikii. Aliona povu limekuwa jekundu, kisha akaona taulo. Alikuwa anameza dawa za kuzuia damu isigande, kwa hiyo haikuwa damu ya kusimama upesi. Nilikandamiza pamba, ikajaa, nikaweka nyingine. Wakati wote huo alinitazama kwa lile jicho lisilofumba na lile linalofumba, yote mawili. Akageuza uso ukutani.

Dada aliingia akaichukua ile mashine, akaifungua juu ya beseni. Nusu wembe ikaanguka, kisha kile kipande cha bati. Akakiokota akakisoma, maana bado kilikuwa na herufi mbili za jina la samaki.

"Alikupunguzia shilingi ngapi?" akaniuliza.

"Dada, mimi nili..."

"Nauliza bei. Wewe si mtu wa bei?"

Nikaokota taulo lenye damu nikaenda kulifua.

Siku ya pili nilirudi sokoni nikatoa elfu tisa, na elfu nne za basi. Muuzaji alinitazama usoni, akahesabu fedha bila kunikumbusha alichoniambia. Namshukuru kwa hilo.

Nyembe zilichelewa karibu majuma matatu. Ndevu za baba zikaota, nyeupe zote, na kwa mara ya kwanza maishani nikaona baba ana ndevu. Mzee mmoja wa kanisani kwetu alikuja kumwombea, akasimama mlangoni akamuuliza dada kama mgonjwa yuko chumba kingine. Baba alilisikia hilo. Na bado kila asubuhi nilipokuja na maji ya moto na kumuuliza, "Tate, leo?", kama tunavyoita baba kwetu, aligeukia ukuta.

Nyembe zilipofika nilijua kwamba maneno hayatasaidia. Mtu aliyekaa miaka akichekecha chai haamini maneno, anaamini anachokiona kwenye chujio. Nikaleta kioo na beseni kando ya kitanda chake, nikaanza kujinyoa mwenyewe. Mimi nami nilikuwa nanyolea wembe wa makali pande mbili tangu ujana, na mkono wangu ulikuwa na tabia zake. Kila baada ya mivuto michache kidole kilitaka kugeuza mashine kutafuta upande wa pili, na upande wa pili haupo. Unasuuza, unarudi na ulio nao. Ukikandamiza unakukemea, ukiulaza unapita peke yake. Una sauti kavu, kama mtu anakwangua sufuria chumba cha jirani.

Siku za kwanza alitazama ukuta. Baadaye niliona kwenye kioo kwamba anatazama kioo. Nikajifanya sijaona. Kujifanya hujaona ndiyo nusu ya biashara.

Asubuhi moja ya Alhamisi alinyoosha mkono wa kulia, ule mzima, akanipapasa shavu. Alipapasa kwenda juu, kinyume cha ndevu, kama alivyopapasa majani kati ya vidole. Akafika chini ya taya mahali nilipoparuka, akafyonza meno. Kisha akainua kidevu na kuniwekea shavu la kulia.

Nilipaka povu, nikalaza wembe. Nilinyoa shavu la kulia lote, nusu ya kidevu, na chini ya pua bila kuigusa pua. Hakuna tone. Uso wa baba ukatoka chini ya zile ndevu, ule tuliomjua nao, nusu yake. Nikasuuza, nikazunguka kitanda nikaja upande wa kushoto. Kovu lilikuwa limeshafunga, jembamba.

Nilipogusa povu pale, alinishika kifundo cha mkono.

Hakunikunjia uso. Alinishika tu, na mkono ule ulikuwa bado na nguvu za kubeba magunia. Nikangoja. Hakuachia. Nikasema, "Haya, tate, tutaacha hapo." Ndipo akaachia. Nikafuta povu kwa taulo, akalala.

Alifariki Jumamosi alfajiri, zamu yangu ya kukesha, nusu ana ndevu, nusu hana, nami nikamfunika shuka hadi usoni.

Tuliingia watatu kumwosha: mimi, shemeji yangu, yaani mume wa dada, na baba mdogo, mdogo wake marehemu, aliyetoka Bumbuli kwa pikipiki. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba huku anamtazama kaka yake.

"Nani aliyemnyoa hivi?"

"Mimi, baba mdogo."

"Ukashindwa nini kumaliza? Kaka yangu hawezi kuzikwa nusu. Malizia."

Nikamaliza. Shavu la kushoto liliniruhusu kila kitu. Hakuna mkono uliokuja kunishika, na maiti haitoki damu, kwa hiyo hakukuwa na njia yoyote ya kujua kama nimekubaliwa.

Dada aliingia wakati tumeshamvisha suti. Akainama, akamgusa shavu lile, pale kwenye kovu.

"Na huku pia?" akasema. "Alikuachia lini?"

Baba mdogo alikuwa ametoka kumwaga maji, na shemeji yuko dirishani. Nikasema, "Jana usiku, ulipokwenda kulala. Alinigeuzia mwenyewe."

Dada akalia, si kilio cha msiba, kingine. Akanishika kichwa. Akatoka nje akawaambia wanawake waliokuwa jikoni kwamba baba alinisamehe kabla hajaondoka, alinipa shavu lile lile. Siku ya kumaliza matanga akalisema tena mbele ya watu wote; baba mdogo na shemeji, walioniona nikimalizia, wakaitikia amina na wengine. Tangu hapo ananipikia nikipita, ananiuliza habari za soko, na lile suala la bei hajaligusa tena.

Sasa tumeshajengea kaburi na kutakuwa na ibada ya shukrani. Dada ameniomba nisimame niseme mwenyewe habari ya shavu la kushoto, kwa kinywa changu, wajukuu wasikie jinsi babu yao alivyosamehe. Mchungaji ameshaniweka kwenye ratiba, dakika tano.

Nimefikiri kwamba labda alinishika mkono kwa sababu alichoka tu. Nimefikiri pia kwamba alijua vizuri anachokataa. Baba hayupo wa kumuuliza, na aliyeshikwa mkono ni mimi peke yangu.

Kwa hiyo nawauliza ninyi mliowahi kumuuguza mzazi na mkabaki na ndugu mmoja anayewapikia: nisimame niseme alivyosema dada, au nimfuate kabla ya siku hiyo, tukiwa wawili jikoni, nimwambie kwamba upande ule sikupewa? Naombeni ushauri. Zimebaki Jumapili mbili.