Ukoo wa Cooper Wafika Maskati

Nilikwenda Maskati kuokoa mkataba wa Mercy, binti wa marehemu kaka yangu. Anafundisha Kiingereza katika shule ya jioni. Mwenye shule, Bwana Khalfan, alimwajiri kabla ya kumwona, kwa sababu ya jina: Mercy Cooper. Alitarajia Mwingereza. Akampokea Mkikuyu wa Naivasha, na vipeperushi vilikuwa vimeshachapwa: "Mwalimu wa ukoo mashuhuri wa Kiingereza." Wazazi wakanung'unika, na mkataba ulikuwa unaisha.

"Anko, wewe ndiye mwenye daftari," Mercy aliniambia kwa simu.

Kweli. Kwa miaka mingi nimekusanya humo majina ya kina Cooper mashuhuri: wapasuaji, waigizaji, mcheza kiinimacho mmoja. Jumla yao kumi na mmoja.

Jumatano, saa tatu asubuhi, Khalfan alinipokea uwanja wa ndege. Alinitazama kama mtu aliyeletewa mzigo usio wake.

"Mzee, nna wazazi thalathini jioni," alisema garini. "Wasomee majina tu. Usiongeze neno."

Tulipopita Bandari ya Sultan Qaboos, meli ya watalii wa Kiingereza ilikuwa imetia nanga. "Humo hamkosi jamaa zako," alisema, bila kucheka.

Saa kumi na moja jioni, darasani, mtaa wa Ruwi, nilisoma majina yote, kazi ya kila mmoja na mji wake. Nilipofunga daftari, mzazi mmoja, Bi Zuwena, aliinua mkono.

"Hao tumewasikia, ahsanta. Wewe nani wao? Baba yako nani, bin nani, bin nani?"

Hapo mpango wa Khalfan ukaanguka. Alidhani jina la ukoo linatosha, yeye aliyekulia kwa watu ambao wakisikia kabila la mtu huanza papo hapo kumhoji baba zake, tawi lake na kijiji chake.

Nilimtaja baba, Stephen. Nikamtaja babu, Njoroge, mpishi wa mlowezi aliyeitwa Cooper. Karani alimwandika babu kwenye cheti cha kazi kwa jina la mwajiri, likabaki kwetu.

"Kumbe Cooper alikuwa na farasi, mbwa na babu yako," alisema Bi Zuwena.

"Na ng'ombe," nilisema, kwa usahihi.

Darasa zima likacheka. "Baba wa Njoroge?" Bi Zuwena aliendelea.

"Kamau."

"Na wa Kamau?"

Sikumjua.

"Waingereza kumi na mmoja unao, baba wa nne huna. Masikini!" Akamgeukia Khalfan. "Na wewe, ungetwambia tu kama Mercy anajua kusomesha. Mwanangu siku hizi ananisomea mpaka karatasi za dawa za Kiingereza. Mwalimu huyu haendi popote."

"Anko," Mercy alininong'oneza, "nilisema ulete daftari, si cheti cha babu."

Alhamisi mchana Mercy alitia saini mkataba wa miaka miwili. Khalfan alinionyesha kipeperushi kipya: "Mwalimu ambaye ukoo wake umeishi nyumba moja na Waingereza."

"Si uongo, Mzee," alisema. "Jiko si limo ndani ya nyumba?"

Nimerudi Naivasha. Nilichojifunza ni kwamba Maskati jina la ukoo ni mwanzo tu wa maswali. Nimefungua ukurasa wa baba zangu. Shangazi hunitajia baba wa nne kila nikimpelekea sukari, na kila mara ni mtu mwingine.