Cherehani Kinacholia

Wiki hii nilipeleka cherehani cha marehemu mke wangu kwa fundi wa mtaa wa Birere. Kilishasafiri mara mbili kwa chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, tukikimbia waasi na baadaye lava ya volkano, na tangu hapo gurudumu lake hulia. Nilikuwa nakiuza, na mnunuzi alikitaka kikiwa kimya.

Fundi akainua kopo la mafuta.

"Muzee, ngoja!" akasema dada mmoja mwenye maikrofoni, ambaye hutengeneza muziki wa hausi kwa milio ya kila kitu isipokuwa ala. "Usitie mafuta mbele sijarekodi!"

"Mama, hii ni ugonjwa. Hapa tunaponyesha, hatuchezeshe."

"Ni ugonjwa yenye iko na mdundo, papa."

Fundi akanigeukia. "Papa, uliona watu wanacheza juu ya kutu?"

Dada akanivika kaske yake ya kusikilizia masikioni, akazungusha gurudumu. Nikaisikia jioni ya kwetu, mke wangu akishona, mimi nikilalamika kuwa kelele ile hainiachi nisome.

"Basi nitie?" fundi akauliza.

Nilimwambia hapana, na mnunuzi nikamwambia atafute kingine. Kila jioni sasa nalizungusha gurudumu lile, bila uzi wala kitambaa. Jirani ameanza kulalamika.