Nilivyompigia Mzee wangu picha ya mwezi kabla macho hayajazima

Wakuu, nawasalimu kutoka Busia, upande wa Uganda. Haya yamenikuta mwenyewe, sitii chumvi.

Kazi yangu ni clearing, kutoa mizigo ya watu forodhani hapa mpakani. Mzee wangu ni mkulima, yuko nyumbani Iyolwa. Presha ya macho imemla taratibu, na daktari alishatuambia kilichopotea hakirudi.

Siku moja nimeenda kumwona, tumekaa uani jioni, akaniuliza kama mwezi umetoka.

Ulikuwa juu yetu, mweupe kabisa.

Niliumia sana. Huyu ndiye aliyekuwa akitutoa nje tukiwa wadogo tuutazame mwezi mchanga, kisha anaamua kama tupande njugu au tungoje.

Nikasema nitaupiga picha, niikuze mpaka aione.

Nikanunua camera ya mtumba yenye lens ndefu. Wakuu, msione watu wanapost mkadhani ni mchezo. Nilipiga kwa auto jioni nzima, nikapata mduara mweupe tu, kama balbu ya dukani. Nilifuta karibu zote kwa hasira.

Chache zilizobaki nikampelekea dada mmoja mwenye studio ng'ambo, Busia ya Kenya. Alicheka kwanza.

"Brathe, huo mwezi unamulikwa na jua," akasema. "Wewe unaupiga kama kitu cha gizani. Upige kama mchana."

Basi ISO nikashusha mpaka 100, shutter nikaiharakisha ili mwanga uingie kidogo, focus nikaweka kwa mkono. Tripod sina, nikailaza camera juu ya gunia la mahindi na kuweka timer ili isitikisike. Tena nikangoja mwezi nusu, maana mashimo yake huonekana vizuri pale mwanga unapokutana na kivuli.

Ikatoka safi. Mashimo, madoa, vyote. Nilimshukuru Mungu peke yangu pale uani kwangu Busia.

Jumamosi nikaenda Iyolwa. Nikamkalisha Mzee ndani, nikaongeza mwanga wa screen ya camera, nikamsogezea karibu na uso. Akageuza kichwa huku na huku.

Aliona kijivu tu. Akaniambia nimefanya vizuri, kwa ile sauti ya kumbembeleza mtoto. Nilitamani kulia.

Nikiwa narudisha camera kwenye begi, kidole kikabonyeza kitufe cha kurudi nyuma. Ikaja moja ya zile mbovu ambayo sikuwa nimeifuta. Weupe mtupu katikati ya giza.

Mzee akanishika mkono.

"Acha hapo. Usiuondoe."

Akautazama muda mrefu, machozi yanamtoka. Kisha akasema kwa lugha yetu, "Huu nilidhani tumeshaagana nao."

Akamwita Mama aje auone. Mama macho yake mazima, mwezi anauona anapotaka. Lakini alikuja na unga mikononi, akakaa karibu naye, wakautazama pamoja.

Nilichojifunza: settings tusome, zinasaidia. Ila usifute picha kabla hujajua ni macho ya nani yatakayoitazama. Mimi nilipiga kwa macho yangu, nikataka aone kwa ya kwake.

Ile mbovu niliiprint kubwa, iko ukutani kwao. Siku hizi hata hiyo haioni tena. Mama anasema kila Mzee akiingia ndani huuliza kama bado ipo, naye humjibu ipo.

Wenye wazazi ambao macho yanawaaga, nyie mliwaonyesha nini? Andikeni hapa chini, nitasoma kila moja.