Kamlete Mama Yako

Mtoto wa marehemu kaka yangu alikuwa akienda shule na nguo zake zote. Kila asubuhi, pale kwangu Iringo, alizikunja mpaka ya mwisho, akazishindilia kwenye begi juu ya madaftari, kisha akaniamkia kwa adabu kama mpangaji. Ulikuwa mwaka wa pili tangu mama yake aolewe tena Mugeta na kuniachia mtoto. Nikimkumbatia alikakamaa. Lakini muuza maandazi asiyemjua akimwita "mwanangu", alimfuata mpaka mtaa wa pili. Majirani wakaniambia uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nikawaambia wakamwambie huyo mzazi.

Nilitaka aniite mama. Nasema wazi, sina haya: nililitaka neno hilo mpaka likanitia hasira. Yeye aliniita shangazi.

Siku moja mwalimu wake wa darasa la nne alichoka na lile begi lililotuna, akalimwaga mbele ya wenzake. Watoto wakacheka, mmoja akainua chupi yake kwa rula. Wangu alimng'ata mwalimu kidole.

"Kamlete mama yako," mwalimu akamwambia. "Usikanyage hapa bila mama."

Nani hajawahi kuambiwa hivyo shuleni? Na kila mtoto anajua maana yake: mlete yeyote anayekulisha. Wangu alisikia neno lenyewe. Alikusanya nguo zake, akapanda gari la akina mama wa dagaa hadi Bunda, kisha akauliza njia ya Mugeta.

Wenzake waliponieleza, sikuuliza mara mbili alikokwenda. Nilifika kule alasiri. Wifi yangu alikuwa anamenya mihogo uani, na mumewe mpya amekaa na wageni waliokuja kutazama ng'ombe. Mtoto alikuwa amesimama kando ya zizi, begi mgongoni. Hakuna aliyempa hata kigoda. Wifi aliponiona uso ulimchangamka, nikajua uongo unakuja.

"Afadhali umefika, wifi," alisema, kwa sauti ya kumfikia mume. "Huyu mtoto wako anatoroshwaga na nini? Humchapi?"

Mtoto wako. Mume alinitazama, akamtazama mtoto, ambaye alifanana na mkewe mpaka masikio. "Kumbe ni wa kwako," alisema. Nilifungua mdomo nimwage kila kitu, na Mungu anajua nilikuwa na cha kumwaga.

Mtoto akaniwahi. Alikuja akanishika mkono, mara ya kwanza tangu aje kwangu.

"Mama, twende nyumbani," alisema. Kisha akamgeukia aliyemzaa. "Kwaheri, shangazi."

Wifi aliitikia, akaendelea kumenya mihogo.

Mkono wangu aliuachia kabla hatujafika barabarani. "Shangazi," aliniuliza, "sasa shule sirudi tena?"

Asubuhi iliyofuata nilimpeleka mwenyewe. Nilimwambia mwalimu maneno ambayo mwalimu mkuu aliniomba niyapunguze, nami sikuyapunguza. Nilipomaliza, mwalimu alimgeukia mtoto, plasta bado iko kidoleni.

"Huyu ndiye mama yako?"

"Ndiyo, mwalimu," alijibu bila kunitazama, kwa sauti ile ile ya Mugeta.