Vichaka vya Upande wa Korongo

Mimi nimezaliwa Kapalamsenga, ziwani. Samaki nawajua hata kwa harufu, lakini tulipopata shamba Ugalla nilijikuta mgeni wa kila jani. Mpakani, upande wa korongo, kulikuwa na vichaka vingi vya aina moja, majani yanakwaruza, maua madogo ya njano. Nilivipiga picha, nikaiuliza simu. Ikaniletea ua la bustani za Ulaya. Mume wangu akasema hakuna haja ya jina, Jumamosi anavifyeka tupande maharage.

Wiki hiyo mama mkwe alikuja kututembelea kutoka Mishamo. Nilimpeleka korongoni nikiamini atavijua, maana amelima maisha yake yote. Akachuma jani, akalisugua, akalinusa, akatikisa kichwa. Kisha akaomba ndoo, akaigeuza, akaikalia.

Akanieleza kwamba walipofika Mishamo kutoka Burundi, yeye akiwa msichana, msitu wote ulikuwa mgeni kwao. Hawakuwa na wa kumuuliza, wakawa wanatazama ndege wanakula nini, nao wanakula hicho hicho. Nilitaka kujua kama njia hiyo ilisaidia.

"Kuna siku tuliumwa matumbo nyumba nzima," akasema. "Lakini tulijifunza. Halafu tukafyeka vyote, tukapanda mahindi. Hata mimi nilifyeka."

Nikaenda kutafuta ndoo yangu.

Tulikaa pale asubuhi mbili, tukitazama nani anakuja. Nyuki walijaa kwenye maua kabla umande haujakauka. Siku ya pili kanga alichomoka chini ya kichaka karibu na miguu yetu, na pale alipotoka tukaona mayai tisa.

Jumamosi mume wangu alikuja na panga. Mama yake akasimama mbele yake.

"Mwanangu, upande huu uache."

Alibisha kwamba shamba lenyewe ni dogo. Mwishowe alifyeka vya juu, vilivyo karibu na shamba, vya korongoni akaviacha, akaenda kuleta mbegu za maharage.

Matunda yalipoiva, kuzumburu, wale ndege wa mikia mirefu, walishuka kwa makundi. Jirani yetu Msukuma, akipita na ng'ombe, akashangaa kwamba nilikuwa sijui kuwa vichaka vile ni mkole. Akachuma tunda, akala, akanipa moja. Lilikuwa na utamu kidogo na kokwa kubwa.

Lakini kanga nao walikuwa wamefukua maharage yetu yalipokuwa ndiyo kwanza yanachipua. Mume wangu alinionyesha mashimo, moja moja. Nilirudishia mbegu kwenye mistari miwili.