Masunga na Maradhi ya Kushiba

Siku yangu ya kwanza kazini, katika zahanati moja upande wa Sola, Mganga Mfawidhi hakuniuliza hata nimelalaje. Alinikabidhi mizani ya kuning'iniza, ile anamotumbukizwa mtoto miguu ikabaki inapiga hewa, akasema, “Sista, adui wako hapa ni mbavu. Ukiona zinahesabika, mama asiondoke bila somo la lishe.” Nami nilikuwa na kiherehere cha ujana. Mtoto akiongezeka uzito nilipiga makofi. Kwamba mtu anaweza kuongezeka kupita kiasi sikufundishwa, na nisingeamini.

Nilipohamishiwa Bariadi, tukiwa bado Mkoa wa Shinyanga, soko huria lilikuwa limeshaingia. Sukari tuliyokuwa tukiipangia foleni ilijaa madukani, mafuta ya kula yalikuja kwa madumu, na wanunuzi binafsi wa pamba walizunguka vijijini kwa magari. Mmoja wao alikuwa Masunga, mtu wa kijiji cha Mkula aliyehamia mjini. Zamani alishinda akitembea nyuma ya ng'ombe, tumboni ana michembe, viazi vyetu vya kukausha. Sasa alishinda amekaa garini na chapati na soda. Akanenepa. Akimleta mtoto kliniki nilimtania, “Masunga, pesa imekukubali.” Kwetu kitambi kilikuwa cheti.

Kisha akaanza kukonda. Miaka ile mtu mzima akikonda watu walijua moja tu, Ukimwi, na hawakuhitaji kipimo. Majirani wakaacha kula naye sahani moja. Baba mkwe akatuma ujumbe kwamba anakuja kumchukua binti yake. Masunga aliogopa kupimwa, akanifuata pembeni, akaniita mama kwa Kisukuma.

“Mayu, nipe dawa ya kunenepa. Nikirudisha mwili, watanyamaza.”

Nikamwambia anywe uji wenye sukari ya kutosha asubuhi na jioni, na soda asiache. Sikumpima chochote. Niliona mbavu, nikapigana nazo kama nilivyozoea. Kosa ni langu, silisukumii mtu.

Haikupita muda mkewe, Mama Kabula, akamleta wodini amelazwa kwenye pikapu, midomo imekauka, hajitambui vizuri. Mganga Mkuu wa Wilaya, mzee asiyependa maneno mengi, alimtazama Mama Kabula akauliza, “Anakojoa mara ngapi?”

“Hamalizi kukaa, daktari. Na maji anakunywa ndoo.”

Akaagiza mkojo. Enzi hizo tuliuchemsha na dawa ya bluu. Bila sukari inabaki bluu, na sukari ikiwa nyingi hugeuka rangi ya tofali. Yake iligeuka tofali kabla sijatulia.

“Kisukari,” alisema. “Unene umeichosha insulini, ile homoni inayotoa sukari kwenye damu na kuiingiza kwenye chembe za mwili. Sukari inabaki kwenye damu, mtu anakonda huku anakula. Nani alimshauri anywe soda?”

“Mimi,” nikasema. Nilitamani ardhi inimeze.

“Basi akipona wewe ndiye utamfundisha kuacha.”

Mama Kabula alikaa sakafuni. “Ni sukari tu, daktari?”

“Sukari si jambo dogo, mama. Ikiachwa inaharibu macho, figo, hata miguu. Lakini haiambukizi.”

Akalia, kisha akacheka, kisha akauliza kama anaweza kwenda kumwambia baba yake. Siku ya tatu ya dripu na sindano za insulini, Masunga alipofumbua macho na kuniita kwa jina, nilitoka nje nikamshukuru Mungu kwa sauti. Nilikuwa karibu nimuue kwa uji.

Tangu hapo niliwapima pia waliokuja wamenawiri, kiuno kwa tepu ya fundi cherehani, na presha. Wengine walinuna wakisema nawaonea wivu. Niliwaacha wanune. Leo wanene ni wengi kuliko nilivyowahi kuota, na dawa zipo, ila anayewahi ndiye anayefaidi.

Siku waliyoniaga kustaafu, Masunga alikuja, mwembamba na mkakamavu, akasimama mbele ya wageni.

“Huyu mayu aliniambia ninenepe, nusura nife. Akaniambia nipunguze sukari, nikapona. Leo anaondoka. Sasa nitakula kwa shauri la nani?”

“Langu,” alijibu Mama Kabula kutoka kitini, akachota nusu ya pilau ya mumewe akaitia kwenye sahani yangu.